Namba ya Mtani

1

Tiketi ya Otilia Mapunda ilikufa saa nne kamili asubuhi, na hakuna aliyeililia. Tiketi za Wingu, yaani vibali vya ile mashine inayotawala malango ya mabwawa, ndivyo zilivyo, huishi saa moja zikafa. Ukitaka nyingine unaomba upya, ukiomba unaulizwa namba, na namba huna wewe, anayo mwenzako. Aliyetunga sheria hiyo hakuwa mjinga, ingawa siku ile Otilia angeapa mbele ya padri kwamba alikuwa mjinga wa kutupwa.

Alikuwa amekaa peke yake katika nyumba ya udhibiti ya Bwawa la Ihemelo, juu kabisa milimani, mahali ambapo hata mwezi wa kumi mtu huvaa sweta. Dirisha lilitazama misonobari iliyoanza kukauka kuanzia kileleni. Mvua za mwaka jana hazikuja, na za mwaka huu zilikuwa zimeahidiwa tu. Mbele yake kulikuwa na skrini nyeusi isiyo na picha wala vitufe, alama moja tu inayopepesa ikingoja kuandikiwa amri. Wenzake wa mjini walikuwa wameshazoea kuiambia mashine kwa mdomo. Otilia aliandika. Alisema mdomo huteleza, lakini amri ukiiandika unaiona, na ukiiona unapata nafasi ya kujuta kabla ya kubonyeza.

Simu ikaita. Alikuwa bintiye, Anfrida, kutoka kituo cha afya cha Lyambogo, kule bondeni, kilomita thelathini na nane ukifuata mto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Uchungu umeanza tangu jana. Sikutaka kukusumbua." Anfrida akanyamaza, akavuta pumzi kwa meno. "Daktari anataka kuongea na wewe."

Daktari Mbilinyi alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi. "Mama, mtoto amejilaza kwa upana. Hawezi kutoka mwenyewe. Lazima nimpasue mama yake."

"Basi mpasue."

"Tangi letu limekauka tangu juzi. Siwezi kuchemsha vyombo, siwezi hata kunawa. Na kumsafirisha hadi mjini ni saa tano za mashimo, hatafika. Nimeambiwa Bodi ya Maji imeidhinisha maji yetu leo."

"Imeidhinisha. Karatasi ninayo hapa mezani."

"Yakinifikia kama saa tisa, tutavuka. Zikipita dakika nyingi baada ya hapo, mama, mimi siahidi kitu."

Otilia alipiga hesabu kabla daktari hajamaliza kusema. Maji ya Lango la Nne huchukua saa tatu na nusu kufika Lyambogo. Kwa hiyo lango lifunguke kufikia saa tano na nusu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo.

"Nafungua sasa hivi," akasema, akakata simu. Lakini kufungua hakukuwa kauli yake peke yake.

2

Zamani lango la bwawa lolote liliweza kufunguliwa na mtu mmoja mwenye ufunguo. Ufunguo wenyewe si wa chuma. Ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu uliofichwa ndani ya faili, na mwenye faili ndiye mwenye mto. Mwaka mmoja fundi mmoja alikuja kazini na pombe kichwani, akakosea tarakimu, akafungua lango la jirani, na kijiji kizima kikaenda na maji. Hapo wakubwa wakakumbuka jambo ambalo bibi zao walilijua siku zote, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wakaamuru kila amri ya hatari iwe na watu wawili, mmoja ana ufunguo, mwingine ana namba.

Namba hiyo ni ya tarakimu sita, nayo hubadilika kila nusu dakika. Hutoka katika ushanga mweusi unaovaliwa shingoni, ugusane na ngozi, na ushanga hautoi kitu mpaka usikie joto la mwili na mapigo ya moyo. Maana yake ni kwamba mtu aliye hai ameisikia amri, ameifikiria, ameridhia. Wingu halitaki zaidi ya hapo.

Kazi ikawa kumpata huyo wa pili. Wakajaribu marafiki, na marafiki wakawa wanatumiana namba bila hata kuulizana ni za nini. Wakajaribu ndugu, yakawa yale yale. Wakajaribu watu wasiojuana kabisa, na hao kwa woga wakakataa kila kitu, mashamba yakakauka. Ndipo mjumbe mmoja wa Bodi akasema kwa mzaha, wapeni watani. Mtani hakuonei haya. Atakuuliza maswali ya kuudhi, atakucheka, atakuchelewesha makusudi, na mwisho atakupa, kwa sababu siku ya msiba wako ndiye atakayechimba kaburi na kukusema vibaya mbele ya jeneza. Wakacheka wote, kisha wakajaribu, na mzaha ukawa kanuni ya saba. Msukuma akafungwa na Mzaramo, Mpare na Mchaga, na malango yakatulia.

Otilia, Mngoni wa Peramiho, alifungwa na Lukelo Kikoti, Mhehe. Lukelo alikuwa mkaguzi wa mto, mwanamume wa miaka sitini na moja, mwenye pikipiki inayokohoa na mdomo usiochoka. Alikuwa amemzidi Otilia kwa miaka kumi na miwili, lakini kati yao hapakuwa na shikamoo. Utani hauna shikamoo.

"Kamwene, mla panya," angeitikia simu. "Unataka nini tena kwenye mto wa watu?"

"Nataka namba, Mhehe. Na huyo mbwa unayemfukuza mwache, ana mwenyewe."

"Namba ya kufungulia nini? Nani kakuruhusu? Umekula?"

Ilikuwa hivyo miaka kumi na mmoja, mara tatu au nne kwa siku. Kwenye harusi ya Anfrida, Lukelo alibeba sufuria ya pilau mchana kweupe mbele ya wageni wote, akaketi nayo barabarani, akagoma kuirudisha mpaka alipokombolewa kwa jogoo mwekundu. Anfrida alicheka mpaka wanja ukachuruzika. Hata bwana harusi, aliyetoka mbali na hakujua mambo hayo, alicheka baada ya kueleweshwa.

3

Simu iliita mara tisa ndipo Lukelo akapokea. Upepo ulikuwa mkali upande wake, na nyuma ya upepo kulikuwa na sauti za watu.

"Mhehe, fumbua macho," Otilia akasema. "Lango la Nne, muda wa saa mbili, kwa amri ya Bodi. Nipe namba."

"Leo hapana, Otilia."

"Hapana nini? Utani baadaye, nina haraka. Anfrida yuko..."

"Nimesema hapana. Usifungue. Ngoja nitakupigia." Na simu ikakatika.

Otilia aliitazama simu mkononi. Otilia. Katika miaka yote hiyo Lukelo alikuwa amemwita mla panya, mkimbizi, Mngoni asiye na ngao, na majina mengine ambayo padri asingependa kuyasikia, lakini jina alilobatizwa hakuwahi kulitia mdomoni. Leo alilitamka wazi, bila kicheko. Otilia alisikia. Tusije tukamsingizia baadaye kwamba hakusikia.

Akapiga tena. Haipatikani. Akapiga mara ya tatu, ya nne, ya saba. Minara ya simu bondeni ilikuwa ikizimwa kwa zamu kubana umeme, na mtu akitaka mtandao ilimbidi apande mlima kuutafuta. Lukelo alikuwa na magoti mabovu. Saa nne na dakika arobaini.

Akaigeukia skrini. Kuuliza tu hakuhitaji tiketi, kwa hiyo akaandika:

wingu mto hesabu-watu --lango 4

Jibu likaja upesi. Watu kwenye mkondo: 0.

Akapumua. Sifuri ni sifuri. Lakini moyo haukutulia, kwa sababu Otilia aliijua mashine ile kuliko walioinunua. Mashine haikuhesabu watu, ilihesabu simu. Asiye na simu mfukoni, kwa mashine hakuzaliwa.

Basi Lukelo anakataa nini? Labda amelewa. Hapana, Lukelo hanywi. Labda kaudhika na Bodi, maana wiki iliyopita walimnyima mafuta ya pikipiki. Labda ni utani wa aina mpya. Otilia alijijaribishia sababu hizo moja moja, na kila moja ilimbana mahali. Akasimama. Akaketi. Akaenda dirishani akarudi. Saa tano kasoro dakika tano, na simu imelala mezani kimya.

4

Sasa hapa ndipo panapouma, na lazima paelezwe.

Ushanga hauzaliwi na namba zake. Hupandwa mbegu. Mbegu ni herufi thelathini na mbili zisizo na maana yoyote. Ushanga huchukua mbegu hiyo na saa ya wakati ule, ukavichanganya, ukatoa tarakimu sita. Wingu nalo kwa upande wake lina mbegu ile ile na saa ile ile, linachanganya vivyo hivyo, na zikilingana linafungua. Maana yake ni kwamba mwenye mbegu na saa ana ushanga tayari, tena ushanga usiohitaji shingo wala moyo. Ndiyo sababu mbegu huonekana kwenye skrini mara moja tu, siku ya kusajili, wenza wote wawili wakiwa wameketi bega kwa bega, kisha inafutwa wakiangalia.

Miaka mitatu iliyopita ushanga wa Lukelo ulipasuka kwenye mwamba. Akaja Ihemelo kupandiwa mwingine. Otilia akaandika wingu ushanga sajili --jina lkikoti, na herufi thelathini na mbili zikajipanga. Lukelo akazitazama kidogo, akasema zinamtia kizunguzungu, akatoa kikopo chake cha ugoro akaenda nje. "Malizia wewe," akasema. "Mimi na wewe tena?"

Otilia akamalizia. Akaupanda ushanga mpya. Na kabla ya kufuta, akachukua penseli akanakili herufi zote nyuma ya karatasi ya majani ya chai.

Hakuwa na nia mbaya, na hilo aliliamini kwa dhati. Aliwaza siku ambayo Lukelo angetumbukia korongoni na pikipiki yake, na mashamba yakingoja. Tena cha mtani kina wizi gani? Mtani huchukua kofia yako, kuku wako, sufuria yako, na huna mahali pa kumshtaki. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini alijua, kama kila aliyelelewa na watu anavyojua, kwamba cha mtani huchukuliwa mbele ya macho yake, kwa kelele na kejeli, ili apate kukikomboa. Kinachochukuliwa kwa kificho kina jina lingine. Akaikunja karatasi ile akaiweka chini kabisa ndani ya kopo la majani ya chai, na kwa miaka mitatu akawa anachota chai yake kutoka kopo hilo hilo.

5

Saa tano na dakika kumi ujumbe uliingia kutoka kwa Daktari Mbilinyi. Mapigo ya mtoto yanashuka. Maji yametoka?

Otilia alisimama katikati ya chumba, mikono kichwani. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye alikuwa na mmoja tu. Alimwona Anfrida kwenye kile kitanda chembamba, akiuma kona ya kanga asilie, maana hata utotoni hakupenda kulia mbele ya watu. Angemwambia nini? Kwamba bwawa limejaa, karatasi ya Bodi imegongwa muhuri, ufunguo upo, na kilichokosekana ni tarakimu sita za mzee mmoja aliyesema hapana bila kusema kwa nini?

Akampigia Lukelo mara ya kumi na nne. Haipatikani.

Akalifungua kopo la chai.

Karatasi ilikuwa imegeuka rangi, lakini penseli ilisomeka. Akaiweka kando ya kibodi. Hapana, alisema kichwani. Akasema tena. Kisha kikaja kile kitu kinachowajia watu wengi wema muda mfupi kabla ya kufanya ubaya, sababu nzuri. Lukelo anampenda Anfrida. Lukelo angejua Anfrida yuko kwenye kitanda kile, angetoa namba mara mbili. Hakujua kwa sababu simu ilikatika. Kwa hiyo mimi sidanganyi, alijiambia Otilia, ninamjibia tu. Ninasema ambalo yeye mwenyewe angesema.

Zile sauti za watu nyuma ya upepo zilimrudia. Alizisikia tena kabisa, mwanamke mmoja akiita mwingine. Mashine imesema sifuri, akazijibu.

Saa tano na dakika ishirini na tano akaandika:

wingu namba tengeneza --mbegu

Akaingiza herufi thelathini na mbili, moja moja, bila kukosea. Skrini ikampa 481906, na pembeni sekunde zikihesabika kurudi nyuma, kumi na tisa, kumi na nane.

wingu tiketi omba --jina omapunda --mwenza lkikoti --namba 481906

Wingu halikusita. Tiketi imetolewa. Mwenza L. Kikoti ameridhia, saa 5:26.

Ameridhia. Otilia aliliangalia neno hilo mara mbili. Lakini muda ulikuwa ukienda, na aliyekwisha kuvua nguo huoga. Akaandika amri ya lango. Wingu likamwuliza kama ana uhakika, akabonyeza ndiyo, na chini ya sakafu mlima mzima ukatetemeka kidogo, kama unavyotetemeka kila lango linapofunguka.

6

Mtoto alizaliwa saa tisa na dakika arobaini, msichana, kilo mbili na gramu mia tisa, akiwa na sauti kubwa. Daktari Mbilinyi aliiweka simu karibu na mdomo wake ili bibi asikie. Otilia alisikia, akaketi chini sakafuni, akalia kwa furaha mpaka akaishiwa. Akamshukuru Mungu na Bikira Maria na Daktari. Alikuwa bado amekaa pale pale sakafuni simu ilipoita tena, na jina lilikuwa la Lukelo.

Alipokea kwa kasi, furaha ikiwa bado usoni. "Mhehe, umekuwa babu," akasema, maana ndivyo wangetaniana.

"Otilia," Lukelo akasema. "Nani amefungua lango?"

"Mimi."

"Kwa namba ya nani?"

Otilia alilitazama kopo la chai.

"Chini ya daraja la zamani, hapo karibu na bwawa, kulikuwa na watu thelathini na wawili," Lukelo akasema, taratibu, kama mtu anayesoma. "Wamechimba visima kwenye mchanga wa mto, kwenda chini mara tatu ya urefu wa mtu. Bodi inawatoza faini mashine zikiwaona, kwa hiyo simu zao wanaziacha kapuni, nyumbani kwa balozi wa nyumba kumi. Wewe ulipopiga ndio kwanza nawafikia. Wengine walikuwa shimoni kabisa, na kamba ni moja. Unawatoa mmoja mmoja."

"Lukelo..."

"Nimalize. Walitaka kukimbia, wakaanza kukanyagana. Nikawaambia, jamani, taratibu, maji hayawezi kuja bila namba yangu, na namba yangu hii hapa shingoni. Wakatulia. Saa tano na nusu wote walikuwa ukingoni. Nikapanda kilima nitafute mtandao nikupe namba. Nilikuwa nusu ya kilima nikasikia mlio." Akakohoa. "Mwanamke mmoja, Semeni Kivamba, alikuwa amerudi chini kuchukua ndoo yake. Hakuwa na haraka. Aliniamini."

Otilia aliweka mkono mdomoni, ukakaa pale.

Alipiga hesabu bila kutaka, kwa sababu ndiyo kazi yake. Lukelo angepata mtandao saa tano na dakika arobaini hivi. Maji yangefika Lyambogo saa tisa na dakika kumi. Daktari alisema kama saa tisa, na mwishowe mtoto mwenyewe alitoka saa tisa na dakika arobaini. Dakika kumi na nne. Angengoja dakika kumi na nne, Semeni Kivamba angekuwa nyumbani kwake na ndoo yake.

"Ulisema nimekuwa babu," Lukelo akasema. "Nani kajifungua?"

"Anfrida. Wamempasua. Maji yalikuwa ya kituo cha afya."

"Sikujua," akasema Lukelo. "Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Mungu amkuze." Na akakata.

7

Maji yakimwagika hayazoleki. Siku mbili baadaye, saa tatu asubuhi, pikipiki inayokohoa ilipanda mpaka Ihemelo. Lukelo aliingia bila hodi kama desturi yake, lakini hakunyanyua kitu mezani wala hakutukana chai. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa hajanyoa.

"Bodi wameniandikia," akasema. "Wingu linasema niliridhia saa tano na dakika ishirini na sita, nikiwa na watu mtoni. Wanataka nieleze. Na jana nilikwenda mazikoni kwa Semeni. Watoto wake wanne. Kaka yake alinizuia mlangoni. Akaniuliza, wewe si ndiye uliyesema maji hayaji bila namba yako? Sasa ulimpa nani?" Akavua kofia. "Sikuwa na jibu, Otilia. Nimekuja unipe jibu."

Otilia alilichukua kopo la chai. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi tangu alfajiri, na yote yalikuwa yamempotea. Akatoa ile karatasi akampa mkononi.

Lukelo aliisogeza mbali na macho, kisha karibu. "Hii ni nini?"

"Mbegu yako."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya ugoro."

Mzee aliishika ile karatasi kwa muda mrefu. Otilia alingoja afoke. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Si ungenionyesha tu," Lukelo akasema mwishoni, na sauti ilikuwa imechoka. "Siku ile ile. Ungetoka nje, ungenipungia hii karatasi, ungenicheka jinsi nilivyo mjinga. Ningeikomboa kwa kuku." Akaiweka mezani. "Ukaificha."

"Niliificha."

"Na niliposema hapana, ulisikia?"

Hapo Otilia angeweza kudanganya. Simu ilikuwa mbaya, upepo ulikuwa mkali, na shahidi hakuwepo.

"Nilisikia," akasema. "Nilisikia mpaka jina."

Akaigeuza skrini ili Lukelo aione. Amri mbili zilikuwa zimeandikwa, zikingoja. Ya kwanza ilikuwa ya kurekebisha kumbukumbu: Namba ya saa 5:26 haikutolewa na L. Kikoti. Yeye alikataa. Niliitengeneza mimi, O. Mapunda, kwa mbegu niliyoiiba. Ya pili ilikuwa ya kufuta ufunguo wake mwenyewe usirudi tena. Alimsomea zote mbili kwa sauti, neno kwa neno.

"Watakufunga," Lukelo akasema.

"Watanifunga."

"Na huyo mtoto?"

"Ana mama yake." Otilia akaivuta kibodi karibu. "Mama yake yupo kwa sababu ya Semeni, na watoto wa Semeni hawana wao. Sitaweza kumpakata mjukuu wangu na wewe unazuiwa milangoni kwa ajili yangu."

Amri zote mbili zilikuwa za hatari, na tiketi ilikuwa imekufa. Otilia akaomba nyingine. Skrini ikauliza kama inavyouliza siku zote: Namba ya mwenza.

Karatasi ilikuwa pale mezani, kando ya kibodi, herufi zake zote thelathini na mbili. Otilia aliisukuma mpaka ukingoni upande wa Lukelo, akaigeuzia uso chini.

"Naomba namba," akasema.

Lukelo hakusogea. Nje upepo ulipita kwenye misonobari mikavu. Kisha akaingiza kidole kwenye ukosi wa shati, akautoa ushanga, akausubiri uanze namba mpya. Otilia naye alisubiri. Alisubiri aitwe mla panya. Alitamani aulizwe nani kamruhusu, aambiwe kwao hawana akili, chochote kile, hata kibaya kuliko vyote, na angekishukuru kwa magoti.

"Saba," Lukelo akasema. "Sifuri. Mbili. Tisa. Tisa. Nne."

Alizisoma kama karani anayemsomea mtu asiyemjua. Otilia akaziandika. Mwenza L. Kikoti ameridhia, Wingu likasema, na safari hii halikudanganywa. Akabonyeza amri ya kwanza. Akabonyeza ya pili. Skrini ikafuta kila kitu, ikabaki na alama ile inayopepesa, na alipoandika jina lake ikamjibu kwamba haimjui.

Lukelo aliichukua karatasi akaitia mfukoni. Akavaa kofia, akasimama, magoti yakalia. Otilia naye akasimama kumpisha njia, na kwa mara ya kwanza tangu wafungwe pamoja akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mzee Kikoti."

Lukelo alisimama mlangoni, mgongo umemgeukia. Ilionekana kama anatafuta neno lingine la kujibu, na hakulipata.

"Marahaba," akasema, akatoka.